Kadi ya Baba Anayeoa

Wiki ile Salsabil binti Awadh alikuwa hatulii. Aliamka akicheka, akapiga mswaki akicheka, na kazini, kwenye steshenari moja ya Temeke ambako alitunga na kuchapa kadi, alimchapia mteja tangazo la arobaini ya marehemu huku anatabasamu, mpaka mteja akamkazia macho. Sababu ilikuwa moja tu, naye alikuwa ameibana kifuani tangu Jumapili: baba yake anaoa.

Mzee Awadh, muuza nafaka wa Tandika, alikuwa mgane tangu Salsabil akiwa kidato cha pili. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Maneno ya nyumba ile yote alikuwa amemwachia binti yake, ambaye aliyatumia bila huruma. Jumapili hiyo, baada ya chakula cha mchana, mzee alikohoa kidogo, akakohoa tena, kisha akasema alilokuwa nalo.

"Salsabil, mama. Kuna mtu Buguruni, anaitwa Bi Bahiya. Anauza udi na manukato. Nimefikiria kumwoa, na mwenyewe kakubali tufunge Ijumaa hii, bila makuu. Ila ana sharti. Anasema haingii nyumba ambayo binti wa nyumba hamtaki. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ukikataa naliacha, na sitakuuliza kwa nini."

Sasa, kwao akina Salsabil, binti akiulizwa habari za ndoa hajibu kama anayetajiwa bei ya sukari. Huinamisha kichwa, akanyamaza, na wazee wakasema alhamdulillahi, kimya chake ndiyo jibu lake. Salsabil alishuhudia binamu zake wote wakifanya hivyo. Kwa furaha aliyokuwa nayo, akaona jambo la heshima linataka jibu la heshima. Akainamisha kichwa. Akajiziba mdomo kwa mtandio, akakimbilia jikoni, na huko akaung'ata mtandio huo kwa meno asije akapiga vigelegele majirani wakajaa. Aliona amejibu vizuri kuliko binti yeyote wa Temeke.

Alisahau jambo moja tu: aliyekuwa anaoa hakuwa yeye.

Siku zilizofuata alimkwepa baba yake, maana kila akimtazama usoni kicheko kilimpanda, na alikuwa na siri. Alitaka Ijumaa, kabla ya ndoa, amkabidhi kadi. Si ya kuchapa, ya mkono. Akanunua kwa pesa yake kadi nyeupe nzito zile ambazo wateja huzishika, wakauliza bei, wakazirudisha. Jumatatu akakaa na kalamu, na hapo ndipo alipoaibika. Mtu ambaye nusu ya maharusi wa Temeke wameoana kwa maneno yake, yeye mwenyewe maneno yalimkataa.

Ya kwanza ilianza, "Kwa heshima na taadhima, familia ya Mzee Awadh inayo furaha kukujulisha." Akaikata. Kukujulisha nini, na mwenyewe ndiye bwana harusi? Ya pili ilimwita baba yake nguzo, taa na mwamba kwenye mstari mmoja, akaona amejenga nyumba badala ya kusema kitu. Ya tatu aliipamba kwa "mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," kisha akamfikiria Mzee Awadh akiisoma ile, akaona haya peke yake mpaka masikio yakawaka moto.

"Sista, utamaliza stoo," alisema Elinaza, Mpare wa Same aliyefanya naye kazi. "Hizo kadi zote ni za nini?"

"Ishu ni kwamba kila nikiandika inatoka kama ya wateja."

"Si unamwandikia mteja ndo maana. Mwandikie baba'ako. Unaonaga nini pale kwenu? Kiandike hicho hicho."

Salsabil alikaa nalo siku nzima neno hilo. Alhamisi mchana, wateja walipopungua, aliandika kwa mkupuo bila kuinua kalamu, na alipomaliza alilia kidogo na kucheka sana, kwa pamoja, jambo ambalo Elinaza alisema hajawahi kuliona kwa mtu mzima. Alikuwa bado anaipepea wino ukauke simu ilipoita. Shangazi Shaima, dada yake Mzee Awadh.

"Wee mtoto, umemfanya nini kaka yangu?"

"Shikamoo Shangazi. Nimemfanya nini tena?"

"Anasema alikuuliza jambo la maana ukanuna, ukakimbilia jikoni kulia. Tangu siku hiyo humtazami usoni. Basi kavaa kanzu. Akishaswali alasiri anakwenda Buguruni kumwachilia mwanamke wa watu. Anasema jambo la kuvunja haliendi kwa simu."

Salsabil alisimama, kiti kikaanguka. "Nilikuwa silii, Shangazi! Nilikuwa nacheka! Nilinyamaza kama wanavyonyamazaga mabinti wakiulizwa!"

"Mabinti gani? Wewe hujanyamaza tangu uzaliwe! Wewe ukinyamaza sie tunatafuta daktari!"

Akampigia baba yake hapo hapo. "Baba, mie nataka! Nataka umwoe, nimefurahi mno!"

Upande wa pili mzee alijibu kwa upole. "Shangazi yako kakupigia."

"Kanipigia, ndiyo, lakini mie—"

"Basi mama. Usijilazimishe kwa ajili yangu. Nimeshakuelewa." Akakata. Alipompigia tena, simu ilikuwa imezimwa.

Alimjua baba yake. Kuanzia dakika ile, neno lolote tamu atakalolisema litaonekana limetiwa sukari na shangazi. Mzee angemshukuru, angempapasa kichwa, na angekwenda Buguruni vile vile kuvunja, kisha arudi kwenye nyumba yake ya watu wawili na asilitaje tena mpaka anazikwa.

Elinaza alikuwa amesikia yote. Alikwisha kutia ile kadi nzuri kwenye bahasha, na sasa alikuwa anakusanya zilizoharibika kutoka chini ya meza. "Beba na hizi. Hii moja atasema umeiandika leo. Hizi zote huwezi kuziharibu kwa siku moja. Kimbia, nitamwambia bosi unaumwa tumbo."

Bodaboda alimshusha Tandika adhana ikiwa imeshamalizika. Duka lilikuwa limefungwa. Salsabil akazunguka hadi msikitini, na kufika akakuta swala imeanza, uwanja kimya, na ngazini viatu vya wanaume vimetapakaa. Asingeweza kuingia kumvuta mtu kwenye safu. Wala asingeweza kukaa tu mlangoni, maana wanaume wakitoka hutoka kwa mkupuo, na mzee angeweza kumpita akapanda bajaji. Akatazama vile viatu. Makubadhi ya baba yake aliyajua. Kisigino cha kushoto kimelika upande. Akayaokota, akayakumbatia kifuani, akasimama.

Walipotoka, kila mmoja alimtazama mara mbili. Mzee Awadh alitoka mwishoni, kanzu imenyooka, kofia mpya, uso wa mtu anayekwenda kutoa pole. Akatafuta viatu huku. Akatafuta kule. Kisha akainua macho.

"Salsabil! Hivyo si viatu vyangu?"

"Shikamoo Baba. Ndiyo vyako. Sikupi mpaka usome."

"Mama, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Soma."

Mzee alitoa miwani mfukoni, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akasimama miguu mitupu ngazini na kuzipokea kadi. Alianza na zilizoharibika kwa sababu ndizo zilikuwa juu. Kwenye nguzo, taa na mwamba alikunja uso. Kwenye kikohozi akakohoa kweli, na Salsabil akatazama pembeni. Kisha akafika kwenye ile nzuri.

*Baba,*

*Tangu Mama atutoke, sijakuona ukila umekaa. Dukani unakula umeegemea magunia, nyumbani umeegemea friji, nikikuuliza unasema umeshashiba. Ulinisuka nywele za shule na ulikuwa hujui, nikaenda nazo zimepinda na sikukwambia. Ulikuwaga unaimba bafuni. Uliacha, na mie niliogopa kukuuliza kwa nini, kwa sababu nilijua.*

*Jumamosi ulirudi kutoka Buguruni ukaimba. Maneno uliyakosea yote. Jumapili ndipo nikajua ulikuwa unaimba nini.*

*Nafasi ya Mama anayo Mama, hakuna wa kuichukua. Mie naomba uimbe. Oa, Baba, nami nitapiga vigelegele mpaka sauti inikauke.*

*Mwanao, Salsabil*

Mzee Awadh aliisoma, akairudia. Akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, ikawa bado haioni vizuri.

"Nywele zilikuwa zimepinda?"

"Sana, Baba. Mwalimu aliniuliza kama nimetoka kuamka."

Mzee akacheka. Kilikuwa kicheko kilichokatika katikati, na ilibidi aketi ngazini pale pale palipokuwa na viatu vya watu. "Uliandika lini haya?"

"Nimeanza Jumatatu. Jumapili nilikuitikia, Baba. Nilinyamaza kwa heshima."

"Heshima," alisema mzee, na akatikisa kichwa. "Umri wako wote nakuomba ukae kimya, siku hujaombwa ndiyo unakaa." Akanyoosha mkono. "Nipe viatu."

Akampa. Mzee akavivaa taratibu, akasimama, akajikung'uta kanzu.

"Twende."

"Wapi?"

"Buguruni. Nimemwambia nakwenda leo na neno. Neno limebadilika, lakini mtu anangoja."

Kwenye bajaji Salsabil aliongea mfululizo: habari za keki, za vitambaa, za nani aitwe na nani asiitwe, na mzee akaitikia "ehe" na "ndiyo mama," kadi ameishika kwa mikono miwili magotini upepo usije ukaichukua. Walipokaribia Buguruni ndipo binti alipopungukiwa na maneno, akaanza kulainisha mtandio wake.

Bi Bahiya aliwapokea barazani. Alikuwa mwanamke mnene, mweupe, wa macho makini, na ilionekana alishajua kwamba mtu anayetanguliza habari kuwa anakuja na neno, haji na neno jema. Alitandika mkeka nje, hakuwakaribisha ndani. Hakukuwa na kahawa. Aliitikia shikamoo ya Salsabil kwa sauti ndogo, akaketi, mikono mapajani, tayari kuambiwa.

Mzee Awadh akamtazama binti yake, akamtazama Bi Bahiya, na mwisho akanyoosha kadi tu.

Bi Bahiya aliisoma polepole, midomo ikifuata maneno. Alipofika mahali fulani, Salsabil hakujua wapi, kidevu chake kilitetemeka. Lakini alipoikunja kadi, uso wake ulikuwa umeshatulia, na alimtazama Salsabil, si baba yake.

"Maneno mazuri," alisema. "Lakini haya kaandikiwa baba yako. Aliyeweka sharti ni mie. Yangu iko wapi?"

Mzee Awadh alishtuka. Salsabil akafungua mkoba, ijapokuwa alijua kilichomo: zile kadi zilizoharibika alizorudishiwa, nguzo, taa, kikohozi. Hakuna hata moja iliyokuwa ya mwanamke huyu. Wiki nzima amemfikiria baba yake akicheka na kuimba, na aliyemfanya acheke hakumwandikia hata jina. Akaufunga mkoba.

"Yako sikuiandika, Bi Bahiya," alisema. "Yako nimekuja mwenyewe."

Bi Bahiya akajiinua kwa kushika ukuta, akafungua mlango wa nyumba yake, akausukuma mpaka mwisho.

"Basi vua viatu upite ndani, mwanangu," alisema. "Unisaidie kupika kahawa ya baba yako."