Chokaa ya Bibi Zuwena

Weupe ule ndani ya shavu la Bibi Zuwena nyumba nzima iliujua, na nyumba nzima iliuita chokaa. Mtu anayekula tambuu tangu siku aliyoolewa, chokaa isimgande mdomoni imgande wapi? Hata Hafidha, mjukuu aliyelelewa naye, aliyesomea magonjwa ya kinywa na kuajiriwa maabara hapo hapo Bagamoyo, aliutazama miaka yote bila kuuona. Mpaka daktari wa meno aliposugua kwa pamba, weupe usitoke, akakata kinyama kidogo kikapimwe.

Hafidha hakukubali mtu mwingine akiguse. Kazi yake ni hiyo, kuvitia dawa vinyama vya vinywa vya watu kutafuta protini fulani. Palipo na protini hugeuka kahawia, na kinywa kisicho na ugonjwa huwa na kahawia kidogo tu, kwenye tabaka la chini kabisa. Asubuhi ile aliinamia hadubini akaona kahawia imepanda mpaka juu. Alimwita daktari wa maabara.

"Si saratani bado," daktari alisema baada ya kutazama. "Lakini njia yake ndiyo hii. Akiacha tambuu leo, tukamfuatilia, huenda tukaiwahi."

Hafidha alilichukia lile neno huenda.

Alimkuta bibi ukumbini, sinia mbele yake, anakata popoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umesawajika hivyo? Njoo ule." Akamkunjia tambuu.

Hafidha hakuipokea. Hajawahi kumkosea bibi adabu namna hiyo. Alimweleza yote pale pale, machozi yanamtoka: ile si chokaa, haijawahi kuwa chokaa, tambuu ndiyo inayomla.

Bibi alisikiliza, shavu limetuna kwa tambuu. Hafidha alijiandaa kwa ubishi, maana kwa ubishi bibi hana mpinzani. Lakini alitema yote kwenye kopo, akasukutua, akakaa anaitazama sinia.

"Ulipokuwa mdogo ukiililia tambuu, nani alikuwa akikutafunia?"

"Wewe, bibi."

"Na sasa ukirudi kazini, nani anakukunjia?"

Bibi Zuwena aliisukuma sinia kwa mguu, akamshika mjukuu wake kidevu, akamgeuzia dirishani kwenye mwanga.

"Fungua mdomo," alisema. "Fungua, mwanangu, nikutazame."