Wavulana wa Upande wa Mama

...na kalamu ya daktari imesimama juu ya karatasi, hapo kwenye kiduara kilichoandikwa Dalenda, ndiye yeye huyo, kiduara, na chini yake kimraba cha mwanawe Ghassen, aliyelala nyuma ya kioo na mpira wa oksijeni puani, miezi tisa tu na hii ni homa ya mapafu ya tatu, na daktari anauliza tena, kwa upole, "Upande wa mama yako, dada, kuna wavulana waliofariki wadogo?", wanawake viduara, wanaume vimraba, aliyekufa anapigwa mstari, na upande wa mume karatasi imejaa mpaka ukingoni kwa sababu mama mkwe, Bi Mabruka, amewataja wote kwa mbwembwe, "Andika, mwanangu, andika! Kwetu wanaume wanakufa kwa uzee, au kwa midomo yao," lakini upande wa Dalenda ni mweupe, hauna kitu, na Dalenda anaogopa ule weupe, anaona kama umejaa watu waliokaa kimya wakimsubiri... kwao hawatajwi, ukimtaja mmoja unamwonyesha njia Tabaa, yule jike asiyeonekana anayefuata watoto wa kiume, mama alimpiga kofi siku aliyouliza ndugu yake Hedi amekwenda wapi, na mama huyohuyo siku ya posa kule Kef alishika mkate mkononi akaapa mbele ya Bi Mabruka, mimi Mungu kanipa mabinti watupu, na Dalenda alikuwepo, alikuwa anamimina chai, akaendelea kumimina... "Miezi sita ya mwanzo," daktari alisema muda mfupi uliopita, "mtoto anaishi kwa kinga aliyopewa na mama tumboni. Ikiisha, mwili unajitengenezea yake. Wa Ghassen nadhani haujui," miezi sita, na jino la kwanza huota lini?, maana nyumbani jino likichomoza mama aliacha kuimba, alifukiza ubani mlangoni, aliweka mkasi chini ya mto, Tabaa husubiri jino, alisema, na ni kweli alisubiri, hakuwahi kuja kabla, hata mara moja, na Mongi, ndugu yake mwingine, walimvalisha gauni la Dalenda, wakamsuka nywele, wakamtoboa sikio, mbele za watu wakamwita binti ili yule jike apotee, akafika miaka minne akiwa na gauni, masikio yakitoa usaha, mpaka siku moja akaomba maji na hakuyanywa... Tabaa alijuaje, chini ya gauni lile, alijuaje kuwa huyu ni mvulana? "Ugonjwa wenyewe," daktari alisema, "hubebwa na wanawake, nao hawaugui. Huugua wavulana wao," hawaugui, mama hajawahi kulazwa, bibi alikufa na meno yake yote, kikulacho ki nguoni mwako, wao walikuwa wakifukiza mlango na mwenyewe yumo ndani siku zote, amekaa nao, anakula kuskusi nao, anamvalisha Mongi gauni kwa mikono ya mama... kwa mikono yangu, anawaza, nani alimfunga vifungo kama si mimi?, na sasa anajitazama mikono, mizima, mizuri, haina hata kovu. "We mwanamke umekuwa bubu?" mama mkwe anamkoromea. "Mwambie hakuna! Mama yako si aliapa?" na daktari, bila kuinua kalamu, "Dada, kama wapo, naanza kumpa dripu ya kinga leo hii. Kama hawapo, itabidi tusubiri majibu ya damu kutoka Tunis, wiki tatu," wiki tatu, Ghassen hana wiki tatu, kila mtu humu ndani anajua, na nikisema, jioni nitakuwa kwa mama na mabegi yangu, na mama atanifungia mlango kwa kuwa nimemwaibisha, basi anifungie, wafunge wote, namwogopa Bi Mabruka kuliko nilivyowahi kumwogopa Tabaa, aibu iliyoje...

"Mongi," anasema. "Ndugu yangu. Miaka minne." "Hedi, miezi kumi na moja. Na mjomba, Beshir, wa tumbo moja na mama yangu, alikufa mdogo, sikumwona." Daktari ndiyo kwanza anachora kimraba cha kwanza. "Na nina binti nyumbani, Olfa, ana miaka saba, hajawahi hata kukohoa," Dalenda anasema. "Mchore naye."