Sabini na Mbili

Sikufichi, nilikuwa na hasira na baba yangu hata kabla hajafa. Mzee alikuwa mbishi huyo! Fundi seremala wa miaka arobaini, kitu kisichopigwa randa kwake si kitu. Hospitali walipomfunga ile bangili ya kupima mapigo ya moyo, aliigeuzageuza akasema, "Haya, nimekuwa mbuzi wa mnada."

Daktari hakucheka. Bangili ilituma mapigo kwenye simu yangu na kwa nesi wa zamu. Simu ikilia, tulikuwa na nusu saa ya kumfikisha hospitali. Zaidi ya hapo, basi tena.

Mwezi wa kwanza ililia mara tatu. Mara zote niliacha cherehani kiwandani, sare za shule zikiwa na mkono mmoja, nikakimbia roho juu. Mara zote akachomwa sindano, tukarudi naye. Ya tatu, msimamizi akaniambia mbele ya wenzangu, "Ukitoka tena, usirudi." Nami na mdomo wangu huu nikayamwaga yote mezani wakati wa kula. Baba akaendelea kutafuna polepole.

Tangu siku hiyo simu ikanyamaza. Sabini na mbili. Sabini na nne. Sabini na mbili. Nikawaonyesha mafundi wenzangu, "Mnaona? Mzee wa miaka sabini na sita, moyo wa kijana!" Wakanitania nimtafutie mchumba.

Nyumbani nilimwona miguu imevimba, akivaa shati la mikono mirefu kwenye joto lile. "Baba, mbona unahema hivyo?"

"Uzee, mwanangu. Si unaona simu yako inasema mimi mzima?"

Nikaiamini simu.

Alhamisi saa nane mchana ikalia. Mia moja arobaini na nne. Sikumuaga mtu. Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona, na dakika kumi na mbili baadaye nilikuwa mlangoni. Nimewahi, nikajiambia. Nimewahi!

Baba alikuwa kwenye kiti chake, ameshakata roho. Shangazi, mdogo wake tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa chini sakafuni analia kwa sauti, mikono kichwani. Bangili ilikuwa mkononi mwake, inawaka nyekundu.

"Shangazi, hiyo umeivaa tangu lini?"

"Tangu ile siku uliyoongea mezani." Alishindwa kunitazama. "Alinisihi. Alisema ukifukuzwa kazi kwa ajili yake, hatakuwa na uso wa kukutazama. Kaka yangu, ningemkatalia vipi? Nilikuwa naanika nguo, nimerudi nimemkuta hivi."

Nakiri nilitaka kumzaba kibao. Mkono ulishainuka. Kisha nikakumbuka ni nani aliyeropoka pale mezani, nikakaa sakafuni nikalia naye, hadi sauti zikatukauka, hadi shangazi akabaki ameegemea mguu wa kaka yake, kimya.

Simu ikaita. Nesi.

"Dada, pole kwa mshtuko. Nimeona mapigo yalipanda sana, lakini sasa yanashuka vizuri. Themanini... sabini na sita... Haya, sabini na mbili. Mzee ametulia. Umefanya vema kuwahi."

"Asante," nikasema.