Mshale wa Chaki ya Buluu

Mwalimu wa historia na jiografia aliichora ramani ya eneo lao kila mwanzo wa mwaka, tena bila kutazama daftari. Reli kwa chaki nyeupe, soko la zamani kiduara chekundu, mto kwa buluu, na mshale kuonyesha maji yanaelekea stesheni. Miaka ishirini na miwili, mshale ule ule.

Jumatano hiyo aliwapeleka wanafunzi darajani, madaftari kwapani. Akaokota jani kavu.

"Haya, tulisindikize mpaka stesheni," akasema, akalitupa.

Jani likazunguka kidogo, likapita chini ya daraja, likashika njia ya machinjioni. Huko siko kabisa.

"Mwalimu," mmoja akasema, "labda limepotea njia."

Wakaangua kicheko. Mwalimu akatupa la pili. Nalo machinjioni.

"Sisi tunajua," akasema msichana mwenye pengo, yule wa dawati la mbele, kwa upole kama anayemfariji mgonjwa. "Nyumbani wote tunajua. Ila kwenye mtihani tunaandika wa kwako."

Mwalimu akahisi masikio yanawaka. Wiki aliyohamia hapa ilikuwa ya mafuriko. Alisimama hapo hapo darajani, sanduku kichwani, akaona magogo yakienda stesheni. Hakujua kwamba mto mkubwa wa kule chini ulikuwa umefurika na kuurudisha huu mdogo nyuma. Aliona kwa macho yake, basi akafunga mjadala. Kesho yake akachora mshale.

Na kuna mtoto alimpinga siku hiyo hiyo. Msichana mwembamba, sare imefifia kwa kufuliwa. "Unaenda machinjioni, mwalimu. Mama yangu anafua pale kila siku." Mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa, daftari limefunuliwa kifuani. "Mwoneni mwenzenu! Kwake mito inatembea kinyumenyume!" Darasa zima likacheka, na jina likamganda: Kinyumenyume. Sasa ni dobi, kibanda chake kiko ng'ambo ya uwanja wa shule. Kila Ijumaa mwalimu humpelekea mashati mawili, na humwita hivyo hivyo, tena kwa tabasamu, akidhani ni utani wa watu wanaopendana.

Jioni ya Jumatano hiyo mwalimu alimkuta kibandani akinyoosha marinda ya sketi, moja moja, pasi ya mkaa ikifuka.

"Leo siyo Ijumaa, mwalimu."

"Tulikuwa darajani."

"Enhe. Mto umekwenda wapi?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Machinjioni."

Dobi akageuza sketi, akainyunyizia maji kwa vidole.

"Nisamehe, mwanangu."

"Ulinisimamisha mbele ya watu hamsini, mwalimu. Leo unaninong'oneza huku nyuma ya mashati?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Mama alipokufa, hata makaburini waliniita Kinyumenyume. Nenda kaseme ulikosemea."

Asubuhi, mwalimu aliufuta mshale kwa kiganja, kifutio kikiwa palepale mezani. Akachora mwingine, ukielekea machinjioni. Mstari ukapinda.

"Nilikosea," akasema. "Na kuna mtoto alinisahihisha, nikamwaibisha. Mnamjua. Ni yule dobi wa ng'ambo. Lile jina mnalomwita nilimpa mimi, na sikuwa na haki. Kuanzia leo mwiteni jina lake."

Msichana mwenye pengo akanyoosha kidole. "Jina lake nani, mwalimu?"

Mwalimu akafungua mdomo. Hakulikumbuka. Miaka yote ile, mashati yote yale. Akafikicha kiganja chenye buluu kwenye suruali.

"Subirini," akasema.

Akaenda ofisini, akavuta daftari la mahudhurio la mwaka wake wa kwanza kutoka chini ya kabati. Panya walikuwa wamekula pembe. Wasichana ishirini na watatu, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri. Akashuka nao kwa kidole, akapanda, akashuka tena. Hakuweza kusema ni yupi.

Akalifunga. Angeweza kuwaacha wasubiri mpaka kengele, kisha apite njia ya nyuma. Hakupita. Akakata uwanja katikati, jua likiwaka, na darasa zima likiwa madirishani, akaenda kumwuliza mwenyewe.