Kitambaa cha Kifuniko

Uso ule ulikuwa ukicheka tangu kabla sijazaliwa. Mdomo mwekundu uliopasuka sikio hadi sikio, macho yaliyokodolewa kama mayai mawili, ngozi nyeusi kama lami. Na chini yake maneno ya kusifia sabuni inayong'arisha kila kitu. Ulichorwa kwenye kifuniko cha kopo la bati, na kopo lilikuwa la bibi yangu mshonaji, aliyehifadhi humo vifungo vyake. Mimi ndiye niliyelipeleka makumbusho.

Kazi yangu pale ni kupanga vitu kwenye makabati ya kioo na kubandika maelezo. Msimamizi wetu, mama asiyecheka ovyo, alikuwa akiandaa maonyesho ya vitu vilivyotengenezwa zamani kuwadhihaki watu kama sisi: postikadi, wanasesere, matangazo ya biashara, hata birika lililofinyangwa mfano wa kichwa cha mtu. Alituomba tuulize majumbani kwetu. Nikakumbuka kopo la Bibi. Kifuniko chake kilivishwa kitambaa cha bluu, kimekazwa kwa mishono midogo kuzunguka ukingo. Utotoni niliwahi kukiinua kidogo. Niliona jicho moja tu, kisha nikala kofi ambalo hadi leo nikiguswa shavu linaitika.

Msimamizi alisema tuulize. Mimi sikuuliza. Bibi alipokwenda kumuuguza dada yake, nilimimina vifungo kwenye bakuli, nikaifumua mishono, nikalisugua kopo mpaka likang'aa. Kitambaa nilikitia mfukoni mwa koti la kazi nikakisahau.

Wiki nzima nilikuwa na kichekesho kipya. Kila asubuhi nilisimama kando ya kabati, nikapanua mdomo, nikakodoa macho, nikawa pacha wa mchoro. Fundi umeme alicheka mpaka akashuka ngazi asije akaanguka. Msimamizi alinitazama bila kupepesa macho.

"Unaigiza vizuri," alisema. "Nani alikufundisha?"

Nikamjibu kuwa ni kipaji.

Siku ya ufunguzi Bibi alitokea mlangoni, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alikuwa amerudi nyumbani, akaliona bakuli la vifungo, akajua pa kunitafuta. Nilipomwona nikaandaa utani wetu wa siku zote: yeye huniita mume wangu, nami humlalamikia kuwa nimeoa mke asiyezeeka. Siku hiyo aliniita kwa jina langu kamili, lile la kwenye vyeti. 

Alisimama mbele ya kabati. Kisha akanisimulia, kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa, kwamba mama yake alikuwa dobi katika nyumba ya matajiri wa kigeni. Sabuni ilipokwisha, watoto wa nyumba ile walimpa yeye Bibi kopo, wakaliweka kando ya shavu lake, wakamwamuru acheke kama picha. Alikuwa na miaka saba.

"Nikacheka," alisema. "Mama yupo mlangoni na kapu la nguo, ananitazama. Ningekataa angekosa kazi."

Kitambaa kile cha bluu ndicho kitu cha kwanza alichokishona maishani.

Fundi umeme alikuwa akipita na ngazi yake, hana habari. Akamsalimia Bibi kwa heshima zote, halafu akamwambia kwa furaha amwombe mjukuu wake amwigizie uso ule, maana anaupatia kweli.

Bibi akanigeukia.

"Nionyeshe."

Mdomo wangu haujawahi kukosa neno, hata mbele ya mwalimu mkuu mwenye fimbo. Sasa sikujua niufunge au niuache wazi, kwani kwa vyovyote niliuona ukifanana na ule wa ndani ya kabati. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kitambaa, nikampa.

Msimamizi, aliyekuwa amesikia, alikuja akaomba radhi, akasema kopo litaondolewa saa ile ile.  Bibi aliinama akayasoma maelezo niliyoyabandika: *Kopo la sabuni. Mchoraji hajulikani.* Akaomba kabati lifunguliwe, akachomoa sindano yenye uzi kwenye ukosi wa gauni lake, akaanza kukirudishia kifuniko vazi lake, mshono kwa mshono, wageni wakiwa wamesimama nyuma yetu. Ilipobaki sehemu ndogo ya ukingo, alikata uzi kwa meno.

"Bibi, hujamaliza."

"Najua."

Kopo liko hivyo kabatini mpaka leo. Watu huinama penye upenyo ule, wakaona jicho moja, wakainuka taratibu.

Nyumbani vifungo bado vimo kwenye bakuli, nami bado naitwa kwa jina la kwenye vyeti. Jana Bibi alininyooshea sindano nimtungie uzi, maana macho yake hayaoni tena tundu. Nilikosa mara ya kwanza, nikakosa mara ya pili. Hakuninyang'anya. Alikaa na kitambaa cha mteja magotini, akisubiri.