Gumba Kwenye Kola

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, kwenye dirisha namba tatu la ofisi ya viza, Dobi aliweka vidole vyake vyote kumi juu ya mashine, na mashine ikaandika kwamba haijaona mtu.

Ofisa wa dirisha hilo alikuwa kijana mwenye miwani, tai ya kijivu na shati jeupe lililonyooka vizuri. Alipitisha karatasi laini kwenye upenyo ulio chini ya kioo.

"Futa mikono, mama, kisha uweke tena."

Dobi akafuta, akaweka. Mashine ikarudia yaleyale. Ofisa akampa mafuta ya kujipaka, akampa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akapuliza vumbi kwenye mashine yenyewe. Wapi.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Mimi dobi. Mwaka wa thelathini na moja huu."

"Na alama zako za vidole ziko wapi?"

"Kwenye nguo za watu," alisema Dobi, maana hakuona pengine ambapo zingeweza kwenda.

Ofisa akaandika hivyo kwenye sehemu ya maelezo. Akamwambia kwamba ana siku tisa za kuleta alama zote kumi. Zikipita, ataanza upya mwisho wa foleni, na foleni ilikuwa ya miezi mitano.

Miezi mitano Dobi hakuwa nayo. Binti yake wa pekee alikuwa huko ng'ambo, mimba ya kwanza, na daktari alishataja wiki ya kujifungua: wiki ya tatu kuanzia siku ile. Mume wa binti alikuwa mtu mwema, lakini hajawahi kushika kichanga hata cha jirani. Dobi alikuwa ameomba viza ya matembezi ya wiki sita tu, amwogeshe mjukuu, ampumzishe mama yake, arudi. Mengine yote yalikuwa kamili. Pasipoti ilikuwa na muda wa kutosha. Barua ya mwaliko ilikuwepo, bima ya safari ilikuwepo, na picha mbili ambazo hakutabasamu, ingawa mpiga picha alikuwa mcheshi kupita kiasi. Hata barua ya kuthibitisha kwamba hatazamia huko alikuwa ameiandika kwa mkono wake: "Nitarudi kwa sababu nina nguo za watu."

Basi akajikaza kisabuni, akaanza kuzunguka kwa wateja.

Alama ya kidole cha shahada cha kulia aliikuta siku hiyohiyo kwenye mfuko wa koti la nesi. Ilikuwa imelala kwenye pindo, nyembamba kama ganda la kitunguu, na ilibanduka bila shida. Nesi alisema alikuwa akiiona kila siku, ila alidhani ni sehemu ya koti. Cha kati kilikuwa kwenye mto wa nyumba ya wageni, chumba cha nne. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa kwenye suruali moja ya mwalimu, kila kimoja na goti lake. Dobi alikuwa akizitia alama hizo katika kikombe kilichofunikwa sahani, na jioni alizibandika mahali pake kwa wanga wa kupigia pasi. Wateja hawakutia neno. Mali ya mtu ni mali ya mtu.

Hadi siku ya sita alikuwa na tisa. Lililobaki lilikuwa gumba la kulia, na hilo ndilo alilolitegemea kushinda yote, kwa sababu Dobi hakuwahi kusugua kola kwa brashi. Brashi hula kitambaa. Kola aliipaka sabuni ya mche akaisugua kwa gumba, polepole, kutoka sikio hadi sikio. Madobi wengine walimcheka kwa hilo, na wateja wao walikuwa wakihamia kwake.

Alianza na mhudumu wa ndege, mteja wa miaka minane, mwenye blauzi zinazofuliwa kila Ijumaa.

"Gumba lako nilikuwa nalo," alisema mhudumu wa ndege. "Lilikuwa linakaa hapa nyuma ya shingo. Nimesafiri nalo miaka yote hiyo. Nikichoka angani nilikuwa nalihisi, kama mtu ananiambia simama wima, dada. Wiki mbili sasa silioni."

"Litakuwa limehamia kwenye kola nyingine."

"Pole, mama. Ningejua ningelifungia kabatini."

Dobi akazipekua kola zote zilizokuwa kibandani kwake pa kufulia, akaambulia patupu. Siku ya nane akarudi dirisha namba tatu na vidole vyake tisa, kuomba aongezwe siku. Ofisa akainama kuokota kalamu, na Dobi akaona, ndani ya kola ya shati lile jeupe, mishono mitatu ya uzi wa bluu.

Kila dobi ana namna yake ya kujua nguo ni ya nani. Yeye alishona uzi. Uzi wa bluu, mishono mitatu, ulikuwa mfuko namba saba, unaoletwa na dereva kila Jumamosi. Mwenye mfuko huo hakuwahi kumwona, lakini alijua kwamba hutokwa jasho akiwa na wasiwasi na kwamba anakula huku anafanya kazi.

"Baba," alisema, "gumba langu liko shingoni kwako."

Ofisa akapapasa chini ya tai, akalihisi. Akafikiri kidogo. Hakuruhusiwa kutoka nje ya kioo, na Dobi hakuruhusiwa kuingia ndani. Vielelezo vyote vya mwombaji vilitakiwa kupita kwenye upenyo. Basi akafungua tai, akafungua vifungo, akavua shati, akalipitisha kwenye upenyo, akakaa na fulana yake. Waliokuwa kwenye foleni walisogea hatua moja mbele, wakidhani dirisha linafungwa.

Dobi akalibandua gumba, akalibandika. Kisha akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja, akalikunja kama linavyokunjwa, akalirudisha.

"Asante, mama," alisema ofisa akilivaa. "Haya, weka mkono."

Mashine ikawaka kijani. Dobi akacheka meno nje, kwa kuwa sasa picha zilishapigwa. Lakini ofisa hakucheka. Alikuwa anasoma, na alisoma muda mrefu.

"Mama, umeshaingia kule mara mia nne na kumi na mbili."

"Mimi sijawahi hata kupanda ndege."

"Naona hapa. Ni gumba hili. Kila wiki, miaka minane. Bila viza." Akashusha sauti. "Na hujatoka hata mara moja."

"Mbona lilikuwa linarudi na blauzi?"

"Mashine iko mlango wa kuingilia tu. Mlango wa kutokea hawajaiweka."

Dobi akamweleza habari ya kola. Ofisa alimwamini, na alisema hivyo. Macho yake yalikuwa mekundu nyuma ya miwani, na shati lilikuwa limeanza kulowa kwapani. Kisha akagonga muhuri wa kukataa, kwa kuwa fomu haikuwa na sehemu ya kola, akasema, "Nisamehe, mama," akamwita anayefuata.

Dobi alilia njia nzima. Alipofika akanawa uso, akatoa shuka dogo la mtoto alilokuwa amelinunua, akaliloweka. Alilifua kwa vidole vyote kumi, bila haraka, na kila alipolisuuza aliacha kitu ndani yake. Lilipokauka, mikono yake ilikuwa laini kama siku ya kwanza. Ijumaa akampa mhudumu wa ndege shuka hilo pamoja na blauzi zake, amfikishie binti, na mhudumu wa ndege hakuuliza.

Mtoto alizaliwa wiki ileile aliyoitaja daktari, wa kiume, mwenye mapafu mazuri. Siku ya pili barua ikafika kibandani kutoka ofisi ya viza. Ilisema kwamba Dobi ameingia tena, mara ya mia nne na kumi na tatu, na safari hii kwa vidole vyote. Anatakiwa kuondoka katika nchi hiyo ndani ya siku kumi na nne. Dobi aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza yake ya kupigia pasi.

Jioni bintiye akapiga simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mmelalaje?"

"Analia mpaka nimfunike lile shuka. Nikimfunika tu, anapigwapigwa mgongoni taratibu mpaka analala. Na mimi nikilishika, nalala. Ila amelitapikia maziwa, mama. Linanuka. Nilifue?"

Tangu bintiye ajue kusimama, Dobi hakuwahi kuvumilia nguo chafu ndani ya nyumba yake, hata kwa saa moja.

"Usilifue," alisema.

Akaikunja barua mara nne, akaiweka chini ya mguu mmoja wa meza ambao siku zote ulikuwa mfupi. Ilikuwa Jumamosi na mfuko namba saba ulikuwa umeletwa, mashati matano, yote yameloa jasho shingoni kuliko kawaida. Dobi akachukua la kwanza, akapaka sabuni kwenye kola, akaanza kuisugua kwa gumba.