Msimu wa Careen na Msalaba wa Mama Yake

Mwalimu Remmy alikuja nyumbani kwetu Mshangano mwezi wa kwanza, akaomba kalenda. Nyumba yangu ina kalenda moja tu, ile ya parokia, na marehemu mke wangu Notburga ndiye aliyekuwa akiinunua kila mwaka. Mwaka huo niliinunua mimi, kwa mazoea. Remmy akaishusha ukutani, akaitandaza mezani, akachukua kalamu nyekundu na kuzungushia Jumamosi moja ya mwezi wa nane.

"Hii ndiyo siku yetu, mzee Anord," akasema. "Siku nyingine zote ni watumishi wake."

Siku yenyewe ilikuwa ya mashindano ya Mbamba Bay. Mtu anaogelea ziwani karibu kilomita mbili, anatoka na maji yake anapanda baiskeli kilomita tisini, akishuka anakimbia ishirini na moja. Hakuna anayemfukuza. Aliyetaka kufanya hayo ni binti yangu Careen, kitinda mimba wangu, na akili zake ni timamu. Anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Msamala na mwenye duka hajawahi kumlalamikia. Remmy ni mwalimu wa michezo, kijana wa kuja, kwao Bukoba. Wakati huo nilidhani kilichomleta kwangu ni binti. Ilinichukua muda kuamini kwamba ni baiskeli kweli.

"Mwezi wa nne kuna mbio za hapa mjini," akaendelea. "Wa sita ile fupi ya kule kule ziwani. Wa saba tunapanda baiskeli hadi Mbinga na kurudi. Hizo hatuendi kushinda, mzee. Tunakwenda kujifunza."

"Na nauli mtalipa ya kujifunza?"

"Baba, mwache mwalimu amalize," Careen akasema.

Shida ilikuwa maji. Songea hatuna ziwa, na bwawa la kuogelea la watu wa aina yetu sijawahi kuliona. Lakini masista wana bwawa la samaki, na Sista Fortunata, anayelitunza, alimruhusu Careen aogelee asubuhi kwa masharti mawili: avae kwa heshima, na asiwatishe perege wakaacha kula. Sasa Kwaresima ikikaribia watu wanataka samaki, masista wanavua wote na kukausha bwawa, wanapandikiza vifaranga baada ya Pasaka. Kwa hiyo ikabidi mpango wa Remmy upinde: kuogelea kabla ya Jumatano ya Majivu, kisha baiskeli na miguu mpaka vifaranga wakue, kisha maji tena. Wenzetu walioendelea nasikia wanapanga misimu yao kwa kompyuta. Sisi tulipanga kwa perege.

Mimi nilikuwa na tarehe yangu. Notburga alikuwa na mwaka mzima kaburini na bado ana msalaba wa mti. Kwetu msalaba wa saruji husimikwa baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula ndani. Huletwa umefunikwa kitambaa cheupe, padri anaubariki, halafu mtoto wa mwisho ndiye anayefunua. Hafunui mwingine. Nilikwenda kwa paroko, akanipa Jumamosi inayofuata ile ya Remmy. Nikaizungushia kwa kalamu ya bluu. Nyekundu wiki hii, bluu wiki ijayo. Hata mtu wa darasa la nne kama mimi aliona kwamba hazigombani.

Msimu ukaenda. Mbio za mjini Careen alikuwa wa sita, Remmy akafurahi, mimi sikuelewa anafurahia nini. Ile fupi ya ziwani alimeza maji akatapika, Remmy akafurahi zaidi. "Afadhali imetokea sasa," akasema. Safari ya Mbinga alirudi jioni akala ugali wa watu watatu, akalala na viatu.

Mwezi wa saba ukiisha, ghafla akaacha kujituma. Anazunguka kidogo na baiskeli, anarudi, anajilaza. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Napumzika, baba. Ndiyo mpango."

"Mwaka mzima umekimbia kama umeiba, leo zimebaki siku chache unalala?"

Remmy akanieleza kwamba mwili ukishafanyishwa kazi miezi yote, unaachwa utulie, na nguvu zinakuja zenyewe siku ile ile. Ukiuwahi bado mchovu, ukiuchelewesha unalegea.

Hilo nililielewa mara moja. Notburga alikuwa mpishi wa komoni miaka yote ya ndoa yetu, watoto wamesoma kwa pombe ile. Ukishatia kimea, imekwisha. Kesho ni togwa ya watoto, keshokutwa watu wazima wanaimba, siku inayofuata ni siki. Siku ya kunywa ni moja, na huwezi kuiomba isogee.

"Kwa hiyo mtoto wangu mmempika," nikamwambia Remmy.

"Ndiyo hivyo hivyo, mzee. Na Jumamosi ya wiki ijayo anaiva."

Jumatatu yake kamati ya mashindano ikatuma ujumbe kwenye simu. Mashindano yamesogezwa mbele wiki moja, kwa kuwa mgeni rasmi ana majukumu mengine. Wanamichezo wanaombwa waendelee kujiandaa.

Careen alisoma mara mbili kwa sauti. Mimi sikuhitaji ya pili. Niliinuka nikaenda kuangalia ukutani, ingawa nilijua. Mduara mwekundu umehamia ndani ya bluu.

Nilikwenda kwanza kwa paroko. Jumamosi zote mpaka mwezi wa kumi zilikuwa na kipaimara, ndoa na misalaba ya wenzangu. Nikaenda kwa Imaculata, mdogo wake Notburga, aliyejitolea kupika pombe ya shughuli. Alikuwa amekwisha kuloweka mtama wa kimea, na ndugu wa Peramiho na Namtumbo wameshaambiwa.

"Shemeji," akaniambia, "wewe unataka niuambie mtama usiote?"

Ikabaki kamati. Walikuwa wanakutana kwenye ukumbi mmoja Bombambili, nikaingia na vumbi langu la matofali, maana ndiyo kazi yangu, kufyatua na kuchoma. Mwenyekiti, Bwana George, mtumishi aliyehamia kwetu kutoka kaskazini, ni mtu mpole. Hilo lazima niseme. Alinipa kiti na soda. Walikuwa kwenye ajenda ya fulana. Wakatoka fulana wakaingia turubai, la mgeni rasmi liwe na mapambo ya rangi gani. Wakatoka turubai wakaingia ngoma, kikundi kipi kimpokee, kicheze kwa muda gani. Kwenye mengineyo wakanikumbuka.

"Karibu, mzee wetu. Una neno?"

Nikasema nina neno. Nikaeleza ya kimea. Nikaeleza kwamba mtu wa mbio hizi ana siku yake moja, na siku hiyo walimpangia wao wenyewe tangu mwezi wa kwanza. Wakacheka vizuri tu, bila ubaya. Mama mmoja akaandika neno komoni kwenye karatasi yake.

"Mzee Anord," George akasema, "hoja yako ni ya msingi. Lakini tuelewane. Bila mgeni rasmi, yale si mashindano. Ni watu wanaooga."

"Je, hao wanaooga mliwauliza?"

"Wanamichezo ni wadau wetu wakubwa. Tutawashirikisha kwenye tathmini."

"Tathmini ni lini?"

"Baada ya mashindano."

Nikamaliza soda. Nilikuwa na la kusema nikalimeza pamoja nayo, ila hapa nitalisema. Notburga alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwepo. Jipya kabisa, limeegeshwa uwanjani, limefungwa utepe. Lilikuwa linamsubiri mgeni rasmi aje akate. Dereva aliniambia kwa huruma, kofia mkononi, kwamba hana ruhusa ya kulitoa kabla halijazinduliwa. Tukampeleka kwa bajaji. Lilizinduliwa mchana, nilisikia vigelegele nikiwa nimesimama nje ya wodi, na aliyekuwa ndani hakuvisikia. Nimewahi kuambiwa niwe na shukrani kwa kuwa sasa gari tunalo. Ninayo shukrani. Ni gari zuri.

Nyumbani nilimkuta Careen amekaa mlangoni, baiskeli ameigeuza matairi juu, anaifuta mnyororo ambao ulikuwa umeshang'aa.

"Nimeshaamua, baba. Nitabaki. Mbio zitakuja nyingine."

"Umemwambia Remmy?"

"Amesema anaelewa. Halafu akaenda kukaa nje peke yake."

Nilitaka kumwambia amefanya vyema. Ndilo nililolitaka njia nzima kutoka Bombambili, nasema kweli. Mtoto wa mwisho afunue msalaba wa mama yake, ndugu waone, shughuli iishe. Lakini nikaangalia yale mapaja yake, yamekuwa kama ya mbeba zege, nikakumbuka asubuhi zote zile anatoka gizani kwenda kuoga na samaki.

"Utakwenda," nikasema.

"Na msalaba?"

"Mama yako alishasubirishwa kwa ajili ya wakubwa. Sasa wakusubirishe na wewe, halafu wakunyime kabisa? Hapana. Ziwani utakwenda. Msalaba ni wangu, najua la kufanya."

Sikuwa najua la kufanya.

Jumamosi ikafika. Careen alikuwa ameondoka na Remmy tangu juzi yake. Ndugu wakajaa, kwaya ikaimba, paroko akabariki vizuri kabisa. Msalaba umesimama pale makaburini kwetu kilimani, na kitambaa chake cheupe. Paroko akasema sasa mtoto asogee afunue.

Imaculata akanitazama.

"Mtoto yuko ndani ya maji," nikasema.

"Maji gani?" akauliza babu mmoja wa Namtumbo.

"Ziwani, babu. Yuko kazini. Msalaba utafunuliwa akirudi."

Kukawa na minong'ono. Wengine walisema kaka yake mkubwa afunue, yupo, ana mikono miwili. Nikakataa. Wakasema mimi mwenyewe. Nikakataa. Paroko aliangalia saa, akasema yeye baraka ameshatoa na kitambaa hakizuii baraka, akaenda kwenye ndoa. Watu wapatao mia walioacha kazi zao wakarudi nyumbani bila kuona jina.

Imaculata alinisubiri jikoni na kata ya pombe mkononi.

"Shemeji, hongera."

"Ya nini?"

"Na sisi tumepata mgeni rasmi. Watu wamekaa juani, hajafika, shughuli imeahirishwa. Ungetuambia tu tuweke na turubai lenye mapambo."

Alikuwa na haki ya kuudhika, na komoni yake ilikuwa nzuri, watu walisahau kitambaa mapema.

Saa saba mchana simu ikaita. Nikadhani amemaliza, maana walitakiwa kuanza alfajiri.

"Baba, ndiyo kwanza tunaanza."

"Saa hizi?"

"Mgeni rasmi alikuwa bado njiani. Sasa ziwa limechafuka, upepo, wameona ni hatari. Wameondoa kuogelea. Tunaanza na baiskeli."

"Wameondoa maji?"

"Yote, baba."

Nikawaza juu ya Sista Fortunata, Kwaresima, vifaranga na ule mpango mzima uliopindishwa kwa ajili ya maji. "Umeiva?" nikamuuliza.

"Nimepitiliza kidogo. Lakini naweza."

Alimaliza jua linazama, wa pili kwa wanawake. Mgeni rasmi alikuwa ameshaondoka kwa kuwa safari ni ndefu, na Bwana George alimsindikiza. Remmy ndiye aliyeniambia kwa simu kwamba medali zilitolewa na mwenye turubai, ambaye alikuwa amebaki akisubiri kulikunja. Aliwavisha wote kwa heshima sana, akisema hongera mama, hongera kaka, akawaomba wasogee ang'oe nguzo.

Careen alifika Jumapili mchana. Waliobaki tulipanda naye makaburini: mimi, Imaculata, Remmy na wachache waliokuwa hawajapata usafiri wa kurudi kwao. Alipanda kilima kwa taabu, akisimama kila baada ya hatua mbili tatu. Medali alikuwa ameiacha kwenye begi.

"Piga magoti, mwanangu, ndiyo ufunue," Imaculata akamwambia, hasira bado iko mdomoni.

"Mama mdogo, nikipiga magoti mtaita winchi."

Imaculata akajitahidi asicheke, akashindwa. Basi Careen akafunua amesimama, mkono mmoja begani kwangu, mkono mmoja kwenye kitambaa. Jina likatoka. Notburga, na mwaka wake wa kuzaliwa, na ule mwingine. Hakulia. Alipitisha kidole kwenye herufi, zote, kama anayekagua bidhaa, akasema fundi amefanya vizuri. Imaculata ndiye aliyelia.

Kuteremka ndiko kulikotushinda. Kupanda mapaja yalikubali, kuteremka yalikataa. Kila akishusha mguu goti linalegea. Nikataka kumbeba, akasema asibebwe, yeye si mgonjwa. Remmy akamwambia ajaribu kugeuka. Akageuka. Akaanza kuteremka kinyumenyume, mimi nikimshika kiuno na kumwambia hapa kuna jiwe, hapa kuna shimo, watu wa barabarani wakisimama kutushangaa.

Tulichukua muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama chini, miguu yake. Yeye, mpaka tunafika barabarani, alikuwa anautazama msalaba.